Mguu Hauna Kosa

Nyumbani, 4 Februari

Mdogo wangu,

Simu zangu hupokei. Anapokea yule binti wa ofisini kwako mwenye sauti ya asali, ananiambia "bosi yuko kikaoni," kana kwamba namtafuta bosi. Mimi namtafuta mtu niliyembeba mgongoni. Basi nakuandikia, na juu ya bahasha nimeandika "siri ya familia" ili uifungue mwenyewe.

Hongera kwa tuzo. Nimeona picha gazetini: wewe na suti, Mama jukwaani na mguu wake mpya, ukumbi mzima umesimama unapiga makofi. Nimesoma na maneno yako pia. "Nimetoka katika kibanda ambamo miguu ya bandia ilichongwa kwa kubahatisha." Nimeyasoma mara tatu nikidhani mwandishi amekusingizia. Kibanda chenyewe ndimo nilimokaa sasa hivi nikikuandikia. Meza ni ile ile na ndoo ya plasta ni ile ile. Baba alipiga magoti kwenye sakafu hii miaka thelathini na mitano, akishika vigutu vya watu kwa viganja vyake, kimoja kimoja, na wewe unaita kubahatisha? Mdomo wako haukuungua?

Lakini hilo nitakugombeza siku nyingine. Leo ni habari ya Mama. Baba alikuwa na kanuni moja ambayo hakuivunja hata mara moja: fundi hamtengenezei mguu mtu wa damu yake. Na sababu unaijua. Mtu baki ukimvalisha mguu mbaya atapiga kelele mpaka majirani watoke nje. Ndugu yako atakuambia hauumi, kwa sababu anakupenda. Mama alipokatwa mguu kwa ajili ya sukari, wewe na mimi tulikubaliana tumpeleke kwa fundi mwingine. Ukamchukua wiki mbili "akapumzike" kwako, amerudi na mguu wako na jukwaa juu yake.

Nani alimpaka plasta? Nani alikishika kigutu chake? Leo ni siku ya tatu tangu arudi, na anatembea akishika ukuta. Mimi sijaugusa huo mguu, maana umempa karatasi inayosema mtu yeyote asiutie tupa wala kuukwangua. Haya, bwana. Njoo uuangalie mwenyewe.

Dada yako


Ofisi ya Mkurugenzi, 11 Februari

Dada,

Barua yako imenikuta katika wiki ambayo nimehojiwa na redio mbili. Hata hivyo nakujibu kwa mkono wangu, ujue kwamba bado nakuheshimu.

Mguu hauna kosa. Sijivuni, nasema ukweli tu. Siku hizi hatupaki plasta. Mtu anakaa kitini, kamera inakizunguka kigutu dakika mbili, mashine inachora, mashine inachonga, kesho yake mtu anatembea. Baba alitengeneza miguu mingapi maisha yake yote? Mimi nimevalisha watu mia sita kwa mwaka mmoja na nusu, na hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika. Hata mmoja, dada. Wewe wiki hii wamekulalamikia wangapi?

Mama nampigia simu kila asubuhi na kila asubuhi namwuliza. Ananiambia hauumi. Sasa nimwamini nani, mwenye mguu au mtazama mguu?

Kanuni ya Baba ilikuwa ya fundi asiyejiamini. Mimi kazi yangu naiamini, ndiyo maana nimempa mama yangu mzazi. Na nitakuambia jambo ambalo hulisemi kwa sababu ya kijicho: Mungu hamwinui mtu kwa bahati mbaya. Ningekuwa nakosea, milango hii isingefunguka mmoja baada ya mwingine. Anayepigana na kazi hii aangalie vizuri anapigana na nani.

Tarehe 20 Machi naleta wageni hapo nyumbani, watu wazito, na wapiga picha. Wanataka kuona nilikoanzia. Mama atatoka sebuleni, atavuka uwanja, atapanda zile ngazi tano za karakana bila fimbo. Tafadhali upake rangi mlango, na zile ndoo zifichwe.

Mdogo wako, Mkurugenzi


Nyumbani, 19 Februari

Mkurugenzi,

Nimecheka kidogo, halafu nikakasirika tena.

Juzi amekuja hapa fundi saa mmoja, mtu wa makamo, kavaa mguu wako. Ameusindilia vitambaa kama mto. Nikamwuliza kwa nini hakurudi kwenu. Akasema alirudi mara mbili. Binti wa mapokezi akamwambia, "Baba, huu mguu umepata tuzo. Fanya mazoezi ya kutembea." Mtu mzima na akili zake akarudi nyumbani kufanya mazoezi, akiamini kwamba mwenye kosa ni yeye.

Nikapaka poda ndani ya kikombe, pale kigutu kinapoingia. Akavaa, akatembea hatua ishirini humu ndani, akavua. Ulivyofundishwa na Baba ukiwa na kaptura: pale poda ilipofutika ndipo mfupa unapobanwa. Imefutika pembeni chini ya goti, kwenye kile kichwa cha mfupa mdogo, pamekwanguka pote. Na nimejua kwa nini. Kamera yako inampiga mtu picha amekaa! Kigutu kilichokaa si kigutu kilichosimama. Mtu akisimama nyama inashuka, mfupa unajitokeza. Kiganja kingekuambia hivyo kwa dakika moja. Nimeutia tupa nusu saa, nikaweka ngozi laini, ameondoka anatembea. Ndiyo, nimeutia tupa. Nishtaki.

Unasema hakuna aliyelalamika. Wewe, umekuwa mkubwa mpaka umekuwa ndugu wa kila mtu! Wote wanakuambia hauumi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini wewe umetia maji kwenye nyama za watu, na sifa zinaendelea.

Mama ananiambia na mimi hauumi. Kigutu hanionyeshi, anafunga mlango akivua. Njoo. Au usije, endelea kukaa huko juu. Aliye juu mngoje chini, na mimi nina subira ya kutosha.

Dada yako


Ofisi ya Mkurugenzi, 26 Februari

Dada,

Umekwangua kazi yangu. Umeingiza mkono wako wa vumbi katika kitu usichokielewa, halafu unajisifu.

Nisikilize vizuri. Baba alikufa na plasta kifuani, na hakuna aliyemjua hata mtaa wa tatu. Nilimlilia, lakini sikutaka kufa hivyo. Wewe ulibaki na ndoo zake ukaziita heshima. Kila ninapopanda unanivuta shati. Nilipopata shahada ulisema nimeota pembe. Nilipofungua kituo ulisema kitafungwa. Sasa unamtumia Mama.

Usiuguse mguu wake. Nimempigia asubuhi hii, anasema hauumi na anafanya mazoezi ya ngazi. Tarehe 20 sitaki kununa wala kejeli mbele ya wageni. Ukishindwa, jifungie chumbani.

Sina zaidi.

Mdogo wako


Safarini, 21 Machi

Dada,

Nakuandikia kwa haraka nikiwa hotelini, furaha haijanitoka. Umeona? Ameuvuka uwanja kama msichana. Alipofika ngazi ya tatu akasimama, moyo wangu ukasimama naye, kumbe alitaka kuwapungia wageni mkono! Mkubwa wao ametoa machozi. Watatuwezesha tufungue vituo vingine vinne.

Hukumpa mkono mgeni hata mmoja, na nimekusamehe. Wakati wote wa sala ya shukrani ulikuwa unaniangalia mimi, hukufumba macho. Hilo nalo nimelisamehe. Niombee, kama bado unajua kuomba.

Mdogo wako


Hospitalini, 24 Machi

Wewe,

Magari yenu yalipokata kona, Mama alikaa chini pale pale kwenye ngazi ya tatu. Ile ngazi uliyofikiri amesimama awapungie mkono. Alikuwa anashika hewa, ukuta ulikuwa mbali. Akaniambia, "Nivue, mwanangu." Soksi ya kigutu haikuvulika. Ilikuwa imeganda, ikabidi niiloweshe kwa maji ya uvuguvugu, na ilipotoka ilitoka na vitu ambavyo sitaviandika.

Kidonda kimefika mfupani, pale pale pembeni, pale pa fundi saa. Na mtu wa sukari kidonda chake hakisubiri vikao. Daktari amesema leo asubuhi hakuna ujanja. Wanakata kesho, juu ya goti. Unajua tofauti ya mtu mwenye goti na mtu asiye na goti, hata mashine yako inaijua. Mwenye goti anatembea. Asiye na goti, katika umri wa Mama na kwa sukari hii, wengi wao wanakaa.

Nilikuambia tarehe 4 Februari, nikakuambia tarehe 19. Barua zote nina nakala zake, nitakusomea mbele ya yeyote unayemtaka, mbele ya wale wageni wako ukipenda. Wewe ulikuwa unamshukuru Mungu kwa sauti, mikono juu, na mama yako amesimama kwenye damu hatua mbili nyuma yako.

Milango ilifunguka? Na huu nao umefunguka. Ingia.

Dada yako, aliyekuambia


Wodini, 9 Aprili

Wanangu wawili,

Barua ni moja, nesi amenitolea nakala, kila mtu na yake, asije mmoja akasema mwenzake ameandikiwa mazuri. Naandika mwenyewe. Mkono ninao bado.

Nimemwagiza nesi asimruhusu hata mmoja wenu kuingia hapa, na sababu naitaka ieleweke. Mlikuja siku ya pili baada ya kukatwa, mkasimama huku mmoja na huku mmoja, mkagombana juu ya kitanda changu kana kwamba mimi ni uzio. Huyu anasema, "Hakuniambia!" Huyu anasema, "Mimi nilikuambia!" Hakuna aliyeniuliza kama nataka maji.

Naanza na wewe, mwanangu wa mwisho. Nimeshona mikanda ya miguu ya watu miaka thelathini katika ile karakana. Mguu mbaya naujua kabla haujavaliwa. Siku uliyonikalisha mbele ya kamera nilisubiri uje unishike hapa chini ya goti, kama baba yako alivyokuwa akiwashika watu asiowajua. Ulisimama mlangoni unaongea na simu. Nikasema moyoni, mtoto huyu hanioni. Na bado nikavaa, nikapanda jukwaani kwako. Uliponiuliza kwa simu, uliuliza kama mtu anayeuliza "hujambo." Jibu lake ni moja tu duniani. Usinijie na habari ya mapenzi ya Mungu. Mungu hakulitaka goti langu. Ulimtaja sana, na kila ulipomtaja ulikuwa unajiangalia kwenye kioo.

Sasa wewe mkubwa, mwenye nakala za barua. Umemwandikia mdogo wako kwamba kigutu sikukuonyesha. Nimezisoma, uliniachia hapa kitandani ili nione ulivyokuwa na haki. Mwanangu, siku ya tatu tangu nirudi ulifungua mlango bila kubisha nikiwa nimevua. Ukaiona ile alama nyekundu, ya ukubwa wa kifungo tu. Macho yetu yakakutana. Ukarudisha mlango polepole. Nikakusikia unapanda ngazi za karakana, unavuta kiti uandike.

Tupa ilikuwa mezani karakanani, uwanja mmoja tu kutoka kitandani kwangu. Mtu baki, fundi saa, ulimtia tupa nusu saa akaondoka anatembea. Mimi ulinitazama wiki sita. Utasema ni karatasi ya mdogo wako. Utasema ni kanuni ya baba yako. Mmoja wenu ameitupa kanuni, mwingine amejificha nyuma yake, na sijui yupi angemchukiza marehemu zaidi. Ulimngoja chini aanguke, kama ulivyomwandikia. Haya, niliyeanguka ni mimi. Ulitaka mguu uwe na kosa kuliko ulivyotaka mimi nitembee. Unyenyekevu wako huo una kiburi kikubwa kuliko suti ya mwenzako, maana yeye angalau anaonekana.

Na mimi sijiachi. Nilipopigiwa makofi nilisikia raha hadi kwenye kidole ambacho sina. Nikajisemea, na wanione, huyu ni mwanangu. Ningeweza kuketi chini jukwaani nikasema unaniua. Nilipenda makofi kuliko goti. Nimelipa, na bado nina hasira, na sitaki mtu aniambie nipoe.

Nikitoka hapa nitapimwa na fundi mmoja wa mji wa pili, mwanamke, hatujuani. Nitapiga kelele nikiumia. Ninyi tafuteni watu mliowaumiza, au mliowaacha waumie, mkaanze nao. Mimi nitawaita nikiwa tayari.

Mama yenu


Nyumbani, 15 Aprili

Mdogo wangu,

Umeisoma. Ni kweli. Alama niliiona.

Sijui niliwaza nini wakati narudisha mlango. Sikupanga lolote, hilo naapa. Lakini nakumbuka kitu kimoja na kinaninyima usingizi: nilisikia furaha. Ndogo, ya haraka, kama ya mtu aliyeokota kitu chake kilichopotea. Nikasema, leo nimempata. Kisha nikakaa nikakuandikia barua nzuri. Niliirudia mara mbili ili iumize vizuri.

Siku zote nilidhani kiburi ni ugonjwa wa waliofanikiwa. Kumbe na mimi nilikuwa na mafanikio yangu. Mafanikio yangu yalikuwa wewe kukosea.

Sikuombi msamaha wewe, maana bado nakukasirikia, na goti lililokatwa si lako hata unisamehe. Namwomba Mama, na Mama hapokei. Karakana nimeifunga wiki hii. Ile tupa siwezi kuishika.

Unafanya nini huko? Niambie ukweli, usiniandikie ya redioni.

Dada


30 Aprili

Dada,

Mashine nimeizima. Wageni nimewaandikia kwamba vituo vinne havitakuwapo, na nimewaambia kwa nini. Bado hawajajibu. Nimechukua orodha ya watu wote mia sita, begi, poda na tupa, natembea mlango kwa mlango. Binti wa mapokezi amelia, akasema wengi walirudi kulalamika, na kwamba mara ya kwanza alipojaribu kuniambia nilimwuliza kama kazi haitaki. Silikumbuki hilo. Nimelitafuta kichwani silioni, na hilo ndilo linalonitisha.

Nilidhani kazi ngumu itakuwa kurekebisha miguu. Sikujua kwamba siwezi hata kuanza. Nabisha, najitambulisha jina, nasema nimekuja kuuliza kama mguu unaumiza. Wanaruka kuniletea kiti. Wanafuta kiti. Wanasema hauumi, mheshimiwa, Mungu akubariki. Mmoja soksi imeshika damu naiona kwa macho yangu, ananiambia ni rangi, alikuwa anapaka ukuta. Nimewasihi. Mwingine nilipompigia magoti alishikwa na hofu, akamwita mkewe, wakaniinua wawili. Watu kumi na tisa nimewamaliza hivyo, nimewaacha kama nilivyowakuta. Usiku huo nilitaka kumwomba Mungu nikakosa neno la kuanzia. Maneno yote niliyoyajua nilikuwa nimeshayatumia jukwaani.

Wa ishirini alikuwa mama mmoja muuza mkaa. Nilikuwa nimechoka, nina vumbi, sikutaja jina. Nikasema mimi ni fundi, nimetumwa kuangalia miguu.

"Umetumwa na yule mwenye suti?"

Nikasema ndiyo.

Dada, sijawahi kutukanwa hivyo. Alianza na mimi akiuvua mguu, akaendelea nikipaka poda, akaendelea nikitia tupa, wala hakurudia tusi. Akanionyesha kidonda, kidogo, kinapona. "Ametutoa ngozi, halafu anakwenda redioni kumshukuru Mungu. Mungu gani huyo wa kushukuriwa kwa ngozi yangu?" Akanipiga kibao mkononi nilipobonyeza vibaya. "Hapo! Hapo panauma, wewe huoni?" Nilikishika kigutu chake kwa viganja viwili karibu saa nzima. Hakunitambua. Angenitambuaje? Mguu wake nilimtengenezea mimi, na hatukuwahi kuonana.

Alipouvaa tena akatembea mpaka kwenye magunia na kurudi, akasema sasa ndiyo mguu. Nikafunga begi. Nikamwuliza kama ana neno lolote nimpelekee bosi wangu.

Akaniangalia kwa huruma, ile huruma ya mtu mzima kwa kijana mwenye kazi mbaya.

"Usijisumbue, mwanangu," akasema. "Yule haambiliki."

Mdogo wako